Mwenye kisukari akianza kusahau: MRI kwanza au presha kwanza?

Mzee mwenye kisukari akianza kuuliza mara tatu kama ameshameza dawa, wanawe hugawanyika. Mmoja anataka apelekwe Hospitali ya Bugando, Mwanza, akapigwe MRI (picha kwa sumaku) ya kichwa, mwingine anasema ni uzee tu. Hilo la uzee tuliweke kando, maana linachelewesha matibabu.

Anayetaka MRI ana hoja. Kisukari na presha huchakaza mishipa midogo ya ubongo. Ukuta ukidhoofika, damu huvuja kidogo na kuacha madoa yenye chuma, mengi ya milimita 2 hadi 10. Hayaumi, na CT scan haiyaonyeshi. Hata MRI huyakosa daktari asipoagiza picha za aina ya SWI au T2*, kwa hiyo fomu isiishie kwenye "MRI ya ubongo". Madoa ya ndani kabisa mara nyingi ni kazi ya presha. Yale ya pembezoni, karibu na gamba la ubongo, huweza kutokana na protini ya amiloidi iliyoganda kwenye mishipa. Wenye madoa mengi huwa na kumbukumbu dhaifu zaidi.

Ila hilo halithibitishi kuwa madoa ndiyo yanayoiba kumbukumbu, kwani mishipa ya mtu huyo huyo huwa pia imeziba kwingine. Tena hakuna dawa ya kulifuta doa. Majibu hubadilisha uamuzi hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayetaka kuanzishiwa. Katika utafiti wa ASCEND wa 2018, kwa wenye kisukari wasio na ugonjwa wa moyo unaojulikana, aspirini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa 12% lakini ikaongeza kutokwa damu kwingi kwa 29%. Aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo asiiache bila daktari.

Kwa hiyo sisi tunaanza na presha. Apumzike dakika 5, mkono uwe usawa wa moyo, apimwe mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, kwa wiki nzima; daftari hilo ndilo aende nalo kliniki. Kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) ya soko la Mwaloni ina chumvi nyingi inayopandisha presha, bora sato mbichi.

Sukari nayo isisukumwe chini kupita kiasi. Utafiti wa ACCORD-MIND ulilenga kushusha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) chini ya 6%, na kumbukumbu haikuwa bora kuliko kwa waliolengwa 7 hadi 7.9%. Hatari ya sukari kushuka mno ni kubwa kwa mvuvi wa dagaa anayemeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, kisha akakesha ziwani bila kula. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, anywe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Na aliyetumia metformin, dawa nyingine ya kisukari, kwa miaka apimwe vitamini B12: upungufu wake nao husahaulisha, na hutibika kwa sindano.