Laini kubwa au foleni fupi?

Muulize fundi wa mtandao hapa Mombasa kwa nini simu ya WhatsApp inakatikakatika ofisini, na mara nyingi utajibiwa hivi: laini ni ndogo, ongezeni. Kupanga data ipi itangulie na ipi ingoje, atakwambia, ni kazi ya kampuni zenye mainjinia wasio na la kufanya.

Hoja yake ina uzito. Tangu kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zitue pwani hii mwaka 2009, zikafuatwa na EASSy na LION2, bei ya intaneti imeshuka sana. Kitu kikishakuwa rahisi, kukibania kunaweza kukugharimu zaidi ya kukinunua, na fundi anayejua kazi yake hafanyi bure. Tena mbinu nyingine za zamani zimekufa. Enzi za saibakafe, seva ya kuhifadhi nakala za kurasa iliokoa pesa: mteja wa kwanza akifungua picha, wa pili anaipata humo humo dukani. Leo karibu kila tovuti inasimba data yake, yaani inaifunga kwa siri isisomeke njiani, na seva ile haioni cha kuhifadhi. Video nazo hujipunguza zenyewe laini ikibana. Anayekesha akiandika kanuni hamsini za kutenga YouTube na barua pepe anajichosha tu, maana programu hubadilika kabla wino haujakauka.

Mpaka hapo tuko pamoja. Tunaachana pale inapodhaniwa kwamba kila ucheleweshaji ni upungufu wa kasi.

Chukua ofisi ya wakala wa forodha, moja ya zile za orofani mjini. Watu sita, laini moja, na upande wa kupakia una megabiti 5 kwa sekunde. Karani ameskani ankara, hati ya shehena na orodha ya bidhaa, anazipakia zote kwa mpigo. Wakati huohuo bosi anaongea na mteja wa Kampala kwa simu ya mtandao. Ruta ina bafa, yaani mahali pakiti, vile vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafirishwe, zinapongojea zamu. Tuseme bafa hiyo inabeba megabaiti 1, ambazo ni megabiti 8. Ikijaa, laini ya megabiti 5 inahitaji sekunde 1.6 kuimaliza. Kila neno la bosi linashika mkia wa makaratasi ya karani, linatoka sekunde moja na nusu baadaye, na mteja ameshasema “haloo?” mara mbili. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Haya, ongeza laini. Kwa megabiti 10, bafa ileile inamalizika kwa sekunde 0.8. Kwa megabiti 20, sekunde 0.4. Ili ushuke chini ya milisekunde 150 unahitaji zaidi ya megabiti 53, yaani zaidi ya mara kumi ya ulichokuwa nacho, na hapo safari yenyewe ya kwenda Kampala haijahesabiwa. Kweli, makaratasi yatamaliza kupanda mapema, na dhiki itakuwa fupi. Lakini TCP, itifaki (yaani kanuni za kutuma data) inayoyabeba, kwa namna inavyotumika mara nyingi, huongeza mwendo mpaka pakiti ipotee. Bafa ikiwa kubwa, pakiti hazipotei, zinarundikana tu, na mtumaji anaamini njia ni nyeupe.

Jambo hili lina historia. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majirani wasiofikisha mita 400, kasi ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Si kilobiti 40, ni biti. Mara 800! Mtandao ulikuwa na uwezo uleule, hakuna aliyekata waya. Mashine zilikuwa zikituma bila kujua kuna msongamano, na zikikosa jibu zinatuma tena, hata njia ikajaa nakala za kilichokwisha kutumwa. Mtafiti Van Jacobson na wenzake walitibu ugonjwa huo kwa kuzifundisha programu kupunguza mwendo. Intaneti yote iliyofuata imesimama juu ya kazi hiyo, kwa hiyo ninaposikia kwamba kupanga data si kazi ya maana, huwa najiuliza msemaji anadhani mtandao wake unatembeaje.

Mwaka 2012 Jacobson huyohuyo, pamoja na Kathleen Nichols, walitoa CoDel, mbinu ya kusimamia foleni ndani ya ruta. Hiyo haijali foleni ina pakiti ngapi, inajali zimengoja muda gani. Kungoja kukibaki juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kuangusha pakiti ili mtumaji apunguze. Ndugu yake, fq_codel, anaongeza kutenganisha mazungumzo, sauti ya bosi isikae nyuma ya makaratasi ya karani. Kanuni za YouTube hazihitajiki. Imo ndani ya mfumo endeshi wa Linux, bure, na ruta inayokubali OpenWrt, programu ya kuendeshea ruta, inaweza kuitumia. Unapima kasi halisi ya laini, unaweka kikomo karibu asilimia 90 ya hapo, ili foleni ijengeke kwenye ruta yako badala ya kifaa cha mtoa huduma. Ile asilimia 10 unaipoteza, na wauza laini hawakosei kuitaja.

Kwa ngazi ya nchi hesabu inaelekea hukohuko: kupanga data ipite wapi kunaokoa pesa ya kununua laini za nje. Kwa mujibu wa shirika la Internet Society, mwaka 2012 asilimia 30 tu ya data waliyotumia Wakenya ilipatikana humu nchini. Kufikia 2020 ilikuwa asilimia 70, na vituo vya kubadilishana data vya KIXP vilikuwa vikiokoa dola milioni 6 kwa mwaka. Na tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika zote mbili kusini huko, ofisi za mji huu ambako kebo zenyewe zinatua zilitambaa pamoja na wengine. Siku kama hiyo pesa haikununulii laini kubwa zaidi. Unagawa kilichobaki.

Kuna pasipofaa. Laini ya simu ya 4G hupanda na kushuka kila dakika, na asilimia 90 ya kitu kisichotulia haina maana. Ruta ya bei nafuu inaweza kuelemewa na kazi hii na kukuibia kasi zaidi ya ulivyokusudia. Wawili nyumbani wenye faiba ya megabiti 200 kwenda na kurudi, wasijisumbue.

Ofisi ya watu sita, kabla ya kusaini mkataba mpya, ianze kupakia faili kubwa huku kompyuta nyingine ikipiga pingi, yaani kupima muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, kwa seva ya Nairobi. Muda ukiruka kutoka milisekunde kumi na kitu hadi mia kadhaa, kisha ukashuka faili inapokwisha, tatizo ni foleni. Ukibaki palepale na faili bado inajikokota, fundi alisema kweli: ongezeni laini.