Hiroshima ina watetezi. Nagasaki je?

Kila Agosti swali hurudi: je, Marekani ililazimika kuipiga Japani kwa mabomu ya atomiki mwaka 1945? Wanaosema ndiyo na wanaosema hapana huyajadili mabomu yote mawili kwa pumzi moja, na nadhani hapo ndipo tunapopotea. Hiroshima ilipigwa Agosti 6, Nagasaki Agosti 9, na hoja inayoitetea ile ya kwanza haifiki hadi ya pili.

Watetezi wana hoja, tena nzito. Mapigano ya Okinawa, kuanzia Aprili hadi Juni, yaliua Wamarekani wapatao 12,000 na Wajapani zaidi ya laki moja, wakiwamo raia wengi wa kisiwa kile. Uvamizi wa Kyushu ulipangwa Novemba 1, na Japani ilikuwa tayari inajaza majeshi huko. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza kutoka Afrika Mashariki, waliopigana na Wajapani Burma mwaka 1944, walijua adui yule hasalimu amri kirahisi. Anayesema tungesubiri tu, aeleze pia ni Wachina wangapi na wafungwa wa vita wangapi wangekufa wakati wa kusubiri.

Wapinzani hutaja simu za maandishi za Julai: Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Togo, akimwagiza balozi wake Moscow, Sato, atafute usuluhishi wa Wasovieti, huku Wamarekani wakizinasa na kuzisoma. Ni kweli. Lakini simu hizo hazikutoa ahadi ya kusalimu amri, na Sato mwenyewe alimjibu bosi wake waziwazi kwamba anajidanganya. Hoja yao yenye nguvu zaidi ni Tamko la Potsdam la Julai 26, lililoitaka Japani isalimu amri lakini likanyamaza kabisa kuhusu hatima ya Mfalme Hirohito, ingawa Waziri wa Vita wa Marekani, Stimson, alitaka suala hilo liguswe.

Hadi hapo naona mizani inayumba, na simlaumu anayeegemea upande wowote. Nagasaki ni habari nyingine.

Baada ya Hiroshima hakuna aliyeketi kuamua kama bomu la pili litumike. Amri ya Julai 25 ilishasema mabomu mengine yatupwe mara yakiwa tayari. Siku iliyopangwa ilikuwa Agosti 11. Ikasogezwa hadi tarehe 9 kwa sababu hali ya hewa ilitabiriwa kuharibika. Ndege ikaenda kwanza Kokura, ikapita juu ya mji mara tatu bila kuiona shabaha, ndipo ikageukia Nagasaki. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu likalipuka juu ya bonde la Urakami, penye viwanda vya silaha, lakini pia makazi ya Wakatoliki na kanisa lao kuu. Kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 70,000 walikuwa wamekufa.

Asubuhi hiyohiyo Baraza Kuu la Vita lilikuwa kikaoni Tokyo, Wasovieti wakiwa wameshaingia Manchuria, eneo la China lililoshikwa na Japani. Ili kusalimu amri, wajumbe watatu walitaka sharti moja tu, mfalme abaki. Watatu wakaongeza mengine: wajipokonye silaha wenyewe, wawashtaki wahalifu wao wenyewe, nchi isikaliwe. Habari za Nagasaki zikawafikia mlemle kikaoni. Wakabaki watatu kwa watatu, hadi Hirohito alipoamua usiku kwamba wasalimu amri kwa sharti lile moja.

Wapo wanaosema bomu la pili lilithibitisha kwamba Marekani haikuwa na moja tu, jambo ambalo Admirali Toyoda wa Baraza Kuu la Vita alilitilia shaka. Sawa, lakini mwanafizikia Nishina alifika Hiroshima kukagua Agosti 8. Serikali haikuwa imepata hata muda wa kuelewa imepigwa na nini.

Agosti 10 Rais Truman wa Marekani aliagiza bomu jingine lisitupwe bila idhini yake. Aliwaambia mawaziri kwamba wazo la kuangamiza watu laki moja wengine linatisha mno. Agizo hilo lingeweza kutolewa Agosti 7. Wasovieti wangeingia vilevile, baraza lingekutana vilevile, na Japani isingepata nafuu yoyote ya kijeshi.