Rivolva ya Baruti: Anza na Fremu, Usianze na Sura

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu, aliyekulia Kisumu na ambaye sasa anafanya kazi Houston, alinitumia picha ya rivolva ya baruti nyeusi, nakala mpya ya silaha ya zamani, ikimeta kama dhahabu juu ya kaunta ya duka. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Nichukue hii?" Nilikuwa nimeketi barazani hapa Nakuru, na nilimjibu kabla chai haijapoa kwamba asiichukue. Kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza tangu niliporudi nyumbani baada ya miaka minane Pennsylvania, ambako mzee jirani yangu alinifundisha mchezo wa kulenga shabaha kwa silaha za namna hii, naona vyema nieleze sababu zangu kwa urefu.

Anayelijua gobore ameshaelewa nusu ya silaha hii, kwa sababu hapa pia baruti humiminwa, risasi ya mviringo hushindiliwa juu yake, na fataki huvishwa nyuma ili nyundo iipige. Tofauti ni kwamba kazi hiyo hufanywa mara sita, tundu baada ya tundu, ndani ya silinda inayozunguka. Nakala nyingi zilizoko madukani leo hutengenezwa Italia, katika mkoa wa Brescia, na viwanda kama Uberti na Pietta, nazo huiga hasa mifano miwili ya Marekani: Colt ya 1851 au 1860, na Remington ambayo watu huiita ya 1858 kwa sababu ya mwaka wa hataza yake.

Ile iliyomvutia mpwa wangu ilikuwa na umbo la Colt ya 1851, lakini fremu yake, yaani mwili unaoshikilia silinda na mtutu, ilikuwa ya shaba ya manjano, na mtutu wake ulikuwa wa kipimo cha .44, yaani takriban sehemu 44 kwa mia za inchi. Colt ya 1851 ya asili ilikuwa ya .36 na fremu yake ilikuwa ya chuma. Waliotumia shaba ya manjano ni watengenezaji wa majimbo ya Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa sababu chuma kiliwaadimikia. Hata hivyo si historia iliyonifanya nimkataze. Shaba ya manjano ni laini, na mimi mwenyewe nilianza na rivolva ya namna hiyo kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini. Nilikuwa nikiijaza greni 30 za baruti, yaani karibu gramu 2, na hakuna aliyenionya dukani. Kabla mwaka haujaisha, meno ya nyuma ya silinda yalikuwa yamejichapa kwenye ukuta wa fremu kama muhuri kwenye nta, na uwazi kati ya silinda na mtutu ulikuwa umepanuka kiasi cha kuuona kwa macho. Rahisi huvunja upishi. Mwenye fremu ya shaba anaweza kuitunza kwa kujaza greni 15 hadi 20 tu, lakini anayeanza leo hana sababu ya kununua silaha ambayo atalazimika kuihurumia kila siku, ilhali ya feleji haiizidi bei kwa mbali sana.

Baada ya kukubaliana kwamba fremu iwe ya feleji, ndipo swali gumu linapokuja, nalo ni Colt au Remington. Naipenda Colt mkononi. Mpini wake hukaa kiganjani bila kutafutwa, na sijashika bastola nyingine inayonyooka yenyewe namna ile. Lakini fremu yake iko wazi juu, na mtutu hushikiliwa na kabari moja inayopigwa kutoka ubavuni, kwa hiyo kabari ikilegea, mtutu nao hulegea. Kilengeo cha nyuma ni mfuo mdogo uliochongwa kwenye nyundo yenyewe, na katika umbali wa mita 25 nyingi hupiga juu ya shabaha. Jambo lililonichosha zaidi ni vipande vya fataki iliyopasuka, ambavyo hudondoka ndani ya mtambo na kuikwamisha nyundo katikati ya zamu.

Remington ina daraja la chuma juu ya silinda, na kilengeo cha nyuma ni mfereji uliochongwa katika daraja hilo, kwa hiyo hakisogei. Ukishusha wenzo wa kushindilia kidogo na kuvuta pini, silinda hutoka ubavuni bila kupiga nyundo wala kutafuta kabari. Ina kasoro yake, nayo sitaificha: masizi ya baruti huingia kwenye pini upesi, na baada ya mizunguko mitatu au minne silinda huanza kuwa nzito, mpaka uipanguse na kuipaka mafuta. Kwangu hiyo ni kazi ya dakika mbili, na kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu achukue Remington ya .44.

Nilimwomba kwanza ahakikishe kwamba haina kitu, aombe ruhusa ya muuzaji, kisha avute nyundo polepole mara sita, akiangalia kama silinda inajifunga imara kila tundu linapofika mbele ya mtutu. Nilimwambia pia kwamba risasi inaposhindiliwa lazima iache pete nyembamba ya madini yake laini mdomoni mwa tundu, nyembamba kama ukucha uliokatwa, kwa kuwa bila pete hiyo hakuna uhakika kwamba tundu limezibwa, na cheche inaweza kuruka kutoka tundu moja hadi jingine. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii humo hata chembe, kwani huipasua silinda.

Kuhusu usafi sina maneno mengi: maji ya moto, sabuni na mafuta, siku hiyo hiyo. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na anayelijua joto la Kisumu pamoja na hewa inayotoka ziwani ataelewa kwa nini silaha iliyolala chafu usiku mmoja huamka na kutu.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponiambia kwamba alitaka kuja nayo Krismasi. Huko aliko, sheria ya shirikisho ya 1968 huihesabu nakala ya namna hii kuwa silaha ya kale, ingawa majimbo yana kanuni zao. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahusu kila silaha yenye mtutu inayoweza kuua, nayo inahitaji cheti; baruti yenyewe iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Umri wa umbo lake hauombi msamaha uwanja wa ndege. Nilimsihi aiache Houston, ndani ya kabati lenye kufuli, naye alikubali. Jumamosi iliyopita alinitumia picha nyingine: silinda ya Remington ikiwa ndani ya sufuria ya maji yanayotoa mvuke, na ndoo ya sabuni pembeni.