Kitako cha gorogoro

Katika makanisa yetu mengi hapa Kisumu, aliyepata visa ya Marekani hupewa maikrofoni atoe ushuhuda na kushangiliwa mpaka mahubiri yanachelewa. Aliyeacha kuwatukana watoto wake hapewi, na mara nyingi haombi, kwa kuwa anadhani hana la kusimulia. Hilo linaniuma.

Paulo anawaambia Wathesalonike waziwazi, waraka wa kwanza sura ya 4 mstari wa 3, kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwao. Sisi tunafunga na kukesha tukitafuta mapenzi ya Mungu kuhusu kazi, mchumba na ploti, na hili lililokwisha kuandikwa tunalipita. Katika Marko 4 Yesu anamtaja mkulima anayelala na kuamka, mbegu ikikua naye asijue inavyokua. Kwanza jani, kisha suke, kisha nafaka iliyokomaa. Mtu wa Vihiga haendi kuvuna Aprili mahindi aliyopanda Machi, lakini muumini wa miezi miwili tunamdai suke.

Namfahamu mama mmoja muuza omena, yaani dagaa, pale soko la Kibuye. Wanunuzi wa sokoni wanaujua mchezo wa gorogoro, ule mkebe wa kupimia: kitako kinagongwa kikabonyea kwa ndani, mkebe unajaa upesi, mteja anaondoka na pungufu akidhani kapimiwa sawa. Mama huyu aliokoka zamani. Aliimba kwaya, alitoa fungu la kumi, na miaka yote hiyo mkebe wake ulikuwa umebonyea. Kisha akaubadilisha. Hakukemewa na mtu, wala hakukuwa na semina. Nilipomuuliza, alisema tu kwamba alikuwa akitoka kuomba asubuhi, akifika sokoni mkono unakuwa mzito. Faida ilipungua, na wateja wengi hawakugundua lolote. Mithali 11:1 inasema Bwana anachukizwa na mizani ya hadaa na kupendezwa na vipimo vya haki, kwa hiyo mbinguni naamini ile gorogoro mpya ilionekana.

Hili si geni kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, lile wimbi la toba makanisani, ulipofika Maseno mwaka 1938, watu waliimba na kulia, lakini pia walilipa madeni na kurudisha walivyoiba. Majirani wasioingia kanisani waliyaona hayo.

Sipingi miujiza. Aliyeponywa na ashukuru kwa sauti. Ninayemhofia ni kijana aliyeokoka kwenye krusedi akitokwa machozi, na baada ya miezi sita hausikii tena ule moto, akaanza kudhani Mungu kamwacha. Hakuna aliyemwambia kwamba mama yake ameona jambo: siku hizi akitumwa dukani, chenji inarudi yote. Mungu anafanya kazi ndani yake, kama Wafilipi 2:13 inavyosema, na yeye anaendelea kusoma Neno, kuomba hata siku kavu, na kutubu mapema. Huko ndiko kukua.

Ningependa wachungaji wetu, angalau Jumapili moja kwa mwezi, waulize ni nani anayeishi na mtu aliyebadilika. Mke aseme juu ya mumewe. Mwenye duka aseme juu ya yule aliyekuja kulipa deni ambalo daftari lake lilishapotea. Mwenyewe anayesemwa akae tu kwenye benchi, asikilize.