Kivinjari Kinanidai

Jamani, nani alikituma kwangu hiki kivinjari, hii Chrome ya kufungulia tovuti? Nimekaa kwenye kompyuta, kazi imenoga, vichupo vya kurasa nilizofungua vimebanana juu hadi majina hayasomeki, na kila kimoja nina shida nacho. Mara kule pembeni kitufe kinageuka kijani: sasisho liko tayari. Nikajifanya sijaona. Kikawa cha rangi ya chungwa. Nikakaza. Kikawa chekundu! Kumbe rangi zina hesabu yake: kijani, toleo halijamaliza siku 2, chungwa, siku kama 4, nyekundu, wiki nzima unalikwepa. Yaani nadaiwa, na mdai kahamia humu humu ndani.

Wajuzi wananiambia bonyeza tu, vichupo vitarudi. Ni kweli, vinarudi. Ila dirisha fiche, lile lisiloweka historia, likifungwa ndiyo limekwenda, halifufuki. Na msiniulize nilikuwa natafuta nini humo.

Haya, kimewaka upya. Faili nikiipakua zamani ilitulia chini ya skrini, naiona kwa macho yangu. Sasa imepelekwa juu, imekuwa kimshale. Nani alilalamika? Nionyesheni huyo mtu aliyekosa usingizi kwa sababu faili zilikaa chini!

Na matoleo yenyewe hayapumziki. Mwaka 2021 Chrome ilitoka kwenye mwendo wa toleo jipya kila wiki 6 ikashika wa kila wiki 4. Mwaka 2022 Chrome na kivinjari mwenzake Firefox zote zikafika toleo la 100, wahandisi wakaingiwa na hofu kwamba tovuti zilizozoea tarakimu 2 zitasoma 10 na kuzifukuza kama vikongwe. Ndugu zangu, kama tarakimu ya tatu iliwatisha wahandisi, mimi nisiyejua hata toleo langu ni la ngapi nifanyeje?

Kugoma nako hakuna. Masasisho mengi yanaziba matundu ya usalama, na tundu likishatangazwa, wezi nao wanasoma tangazo. Ukichelewa, wanakujia wakiwa na ramani mkononi. Basi nanuna huku nabonyeza.

Nikasema walau niingie kwenye mipangilio, nipunguze kelele. Mipangilio ni mirefu hadi ina kisanduku chake cha kutafutia. Nikafika kwenye arifa, nikakuta orodha ya tovuti zilizojipanga kunitumia habari. Kuna moja ya kugeuza picha kuwa PDF. Arifa ya nini? PDF imejifungua salama?

Nikazizuia zote, na kwa hasira nikafuta vidakuzi vyote pia, vile vijifaili ambavyo tovuti zinaniwekea ili zinikumbuke. Hapo ndipo nilipokiona. Kila tovuti imenisahau: ingia upya, nenosiri, thibitisha kwamba wewe si roboti, chagua picha zenye taa za barabarani. Ule mlingoti wa taa nao unahesabiwa au hauhesabiwi? Halafu kila ukurasa unaniuliza kuhusu vidakuzi. "Kubali vyote" kitufe kinang'aa, kikubwa. "Kataa" kimeandikwa kijivu juu ya kijivu. Nikakitafuta, nikakataa kwa heshima zote. Sasa sikilizeni kioja: tovuti ili ikumbuke kwamba nimekataa vidakuzi, kwa kawaida inaniwekea kidakuzi! Nikikifuta inasahau, inauliza tena.

Haya, nimekubali. Vyote. Na vya jirani niwekeeni mimi. Nifungulieni huo ukurasa nisome!