Siku Fundi Alipochangia Kwenye Kikao cha Bodi

Mwanafunzi akichaguliwa kuingia bodi ya mikopo na ruzuku, wenzake humpigia makofi kana kwamba kakabidhiwa funguo za sefu. Anachokabidhiwa ni kabrasha. Langu la kwanza lililetwa jioni na kikao kilikuwa asubuhi: kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo na kikao hicho, taarifa ya marejesho, rufaa za walionyimwa, na majedwali ambayo nina hakika hata aliyeyachora hajayasoma.

Miezi ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kuunga mkono hoja ya kufungua kikao na kuunga mkono hoja ya kukifunga. Hapo katikati nikinyoosha mkono, Mama Mwenyekiti ananiambia, "Tutakufikia, mwanangu." Tunafika mengineyo, mimi bado sijafikiwa.

Ikaja ajenda ya fedha za kujikimu pamoja na fomula ya uhitaji, ile inayopima kipato cha mzazi na idadi ya wanaomtegemea, halafu inaamua nani apate nini. Ndiyo ajenda niliyochaguliwa kwa ajili yake. Nilikuwa nimejiandaa, nimenyoosha shati, nimekariri hoja zangu mbele ya kioo.

Kabla sijafungua mdomo, mwanasheria wa bodi akavua miwani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu kijana ni mnufaika wa mkopo huu huu. Ana maslahi. Kanuni inamtaka atoke."

Sasa, zipo bodi ambako maslahi ya kundi zima hayahesabiwi kuwa mgongano, maana ukianza kumtoa mwanafunzi kwa sababu ni mwanafunzi, ulimweka wa nini? Mwanasheria wetu hakuwa na habari hiyo. Nikakusanya karatasi zangu, nikatoka.

Sijafika hata mwisho wa korido, Katibu huyo, ananikimbilia viatu mkononi. "Rudi! Rudi! Akidi imevunjika!"

Bodi ina wajumbe 9, akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiwe kikao, ni 5, na siku hiyo waliokuja walikuwa 5, nami nikiwemo. Nikitoka, hakuna kikao. Nikirudi, nina maslahi. Nikaingia, mwanasheria akasimama. Nikatoka, Katibu akasimama. Mjumbe mmoja alikuwa hewani kwa simu, lakini kanuni zetu zinamruhusu wa simu kuchangia tu. Kwenye akidi wanahesabu waliopo kwa miili.

Mwanasheria akafikiri sana, akatoa uamuzi ambao nadhani utakuja kufundishwa vyuoni: "Mwili wake unahesabika. Maoni yake hayahesabiki. Awekwe mlangoni."

Nikawekewa kiti kizingitini, mlango wazi, mgongo kwa wajumbe, uso koridoni. Niliamriwa nisigeuke, nisikohoe, na nisitikise kichwa kwa namna inayoweza kutafsiriwa kuwa ni mchango.

Haikupita muda akatokea binti mmoja na bahasha ya rufaa. "Shikamoo kaka mlinzi. Naweza kumwona mwakilishi wetu wa wanafunzi?"

Nikanyamaza. Kanuni ni kanuni.

"Yupo ndani?"

Nikafikiria swali hilo kisheria, nikaona hata mwanasheria lingemshinda. Binti akaniachia bahasha magotini, akaondoka akinong'ona kwamba ofisi hii hata walinzi wana kiburi.

Nyuma yangu, mambo yalikuwa yamepamba moto. Menejimenti ilipendekeza kiasi kidogo cha nyongeza, kidogo cha aibu. Mama Mwenyekiti akaigeukia simu iliyokuwa mezani. "Mheshimiwa, wewe uliye hewani, una maoni gani juu ya kiasi hiki?"

Simu ikakoroma kidogo, kisha sauti ikaunguruma: "Hapana! Hicho kidogo mno! Ongeza! Ongeza mara mbili!"

Ukumbi ukatulia. Mimi kule mlangoni nilitamani niruke. Mzee ambaye hajawahi kututetea hata kwa kukohoa, leo kaamka!

"Na hii fomula, Mheshimiwa?"

"Imepinda! Hata mtoto anaona imepinda! Bomoa yote, anza upya! Na nisikukute umekaa!"

Mkurugenzi wa mikopo, ambaye kweli alikuwa amekaa, akasimama. Katibu akawa anaandika mpaka nasikia kalamu inavyokwaruza karatasi. Mama Mwenyekiti akasema mchango huo ni mzito, ajenda iahirishwe, menejimenti ikaifanyie kazi.

Na waliifanyia kazi kweli. Kikao kilichofuata, kwenye yatokanayo, tulikuta fomula mpya kabisa, imebomolewa na kujengwa kuanzia msingi, na kiasi cha kujikimu kimeongezwa mara mbili "kwa maelekezo ya mjumbe." Mkurugenzi alikuwa amekonda.

Safari hii mzee alikuja mwenyewe. Akasoma kumbukumbu huku kidole kikifuata mstari, akafika pale, akarudia mara ya pili. "Haya maneno nimeyasema mimi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," akajibu Katibu. "Kwa hisia kali."

"Siku ile nilikuwa kwenye ujenzi. Nilikuwa namwambia fundi aongeze saruji. Kilichopinda ni ukuta wa choo!"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu wa kwanza kucheka alipaswa kuwa Mwenyekiti, naye alikuwa ameinamia kabrasha, mabega yanamtetemeka. Mwanasheria akaanza kueleza kwamba fundi si mjumbe, hivyo mchango unaomhusu unatakiwa ufutwe. Mzee akamkatiza kwa mkono. Akachukua fomula mpya, akaipitia ukurasa kwa ukurasa, akailinganisha na ile ya zamani.

"Lakini hii imenyooka bwana," akasema. "Pitisheni. Na posho yangu ya leo mpelekeeni fundi."