Bawabu Asiye na Daftari

Proksi yetu ya Nginx, ile seva inayopokea wateja mlangoni kama bawabu, ilikuwa na miezi haijaguswa, nami nikijitapa kwa hilo kila kikao cha kazi. Mpaka nilipokumbuka kuwa ufunguo unaofunga tiketi za vikao vya TLS (TLS ni usimbaji unaolinda mazungumzo ya mteja na seva; tiketi humwezesha mteja anayerudi asianze salamu upya), kwa mpangilio wetu, ulikuwa umekaa kwenye kumbukumbu ya seva miezi yote hiyo. Mwizi akiupata, mazungumzo ya TLS 1.2 aliyoyanasa zamani anayafungua kama bahasha. Nikaapa: tiketi marufuku.

Nikaandika `ssl_session_tickets off;`, nikahakiki kwa `nginx -t`, nikamaliza na `nginx -s reload`. Kisha nikapima kwa `openssl s_client -tls1_2 -reconnect`, inayojiunga mara moja kisha ikarudi mara tano. Skrini ikanitolea Session-ID ya herufi na tarakimu 64. Tiketi hakuna, namba ya kikao ipo. Nikaenda kunywa chai.

Kurudi, feni ya seva inanguruma kama mashine ya kusaga na prosesa iko juu.

“Si ulisema umeziba tundu?” bosi akauliza. “Mbona kama umeziba pua?”

Nikayasoma matokeo upya, safari hii nikitazama neno la kwanza la mstari. New, yaani kikao kipya. New. New. Mara sita, na kila mara Session-ID nyingine! Kumbe `ssl_session_cache`, daftari la vikao, sikuigusa, na isipoguswa huwa `none`. Hiyo `none` ina adabu ya kinafiki: inampa mteja namba, inamwambia karibu tena, halafu haiandiki popote. Akirudi, “Samahani, wewe nani?” Salamu zote zinaanza upya, na kila salamu seva inatia sahihi ya RSA ya biti 4096, hesabu nzito kwa prosesa. Nilikuwa nimepiga marufuku tiketi bila kumpa bawabu daftari.

Nikaongeza `ssl_session_cache shared:SSL:10m;`. Megabaiti 1 hubeba vikao kama 4,000, kwa hiyo hapo ni kama 40,000. `ssl_session_timeout`, muda wa kukumbuka kikao, nikaitoa dakika 5 za kawaida nikaiweka `1h`. Nikapima kwenye mashine yenyewe: New moja, Reused (kikao cha awali kimetumika tena) tano. Nikamwita bosi ajionee.

Akapima yeye, lakini kupitia kisawazisha mzigo, kile kinachogawa wateja kwa seva zetu. New sita.

Hiyo `shared`, jamani, ni baina ya michakato ya mashine moja tu. Sisi tulikuwa na proksi mbili, na kisawazisha kiligawa kwa zamu. Ya kwanza inatoa namba. Ya pili haiitambui, inatoa yake. Mteja anaipeleka hiyo kwa ya kwanza, nayo haijapata kuiona. Hata ningekusudia kuzikosanisha, nisingeweza kupanga vizuri zaidi.

Nikakiambia kisawazisha kigawe kwa anwani ya IP ya mteja, ili kila mtu arudi kwa bawabu wake. Bosi akapima tena. Reused tano. Feni ikanyamaza.

“Haya,” akasema, “na TLS 1.3, toleo linalofuata, je?”

Nikajifanya simu inaita.